Kitabu cha Nyuki Kisichoisha

Mei 5, 1633. Jumapili.

Leo baada ya ibada baba amesema, mbele ya Gervase Tolley na mbele ya Dorcas mpishi wetu, kwamba atatangaza ndoa yangu siku kitabu kitakapokwisha. Nayaandika maneno yake kama yalivyo ili asije akanigeuka: "Siku utakapoandika neno la mwisho, Thomasin, Jumapili inayofuata nitapanda mimbarini nitangaze."

Gervase akasema, "Mchungaji, mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana kitabu kilikuwa bado kichanga," baba akajibu, akacheka peke yake.

Ndiyo maana nimeanza kuandika haya, nyuma ya karatasi alizokwisha kuzikataa. Nina miaka ishirini na saba. Baba yangu, Obadia Pruett, ni mchungaji wa Combley tangu sijazaliwa, na huu mwaka wa sita macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe, haoni hata kidole chake. Miaka hiyo hiyo sita anatunga kitabu cha ufugaji wa nyuki, kwa Kiingereza chetu cha kila siku na si Kilatini, ili mkulima naye asome. Yeye anasema, mimi naandika. Mpiga chapa wa Oxford anakingoja mpaka amechoka kukingoja.

Gervase, mchumba wangu, ni fundi mapipa. Mjomba wake wa Bristol anamwachia karakana, ila lazima awe amefika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba. Sasa hapa ndipo penye kazi. Ndoa haifungwi mpaka itangazwe kanisani Jumapili tatu mfululizo. Anayetangaza ni mchungaji. Mchungaji ni baba. Kijiji kingine hawatutangazi bila barua yake. Nimehesabu kwa vidole: tangazo la kwanza lisipotoka Septemba nane, basi tena.

Mei 9.

Sura ya pili, mahali pa kuweka mizinga. Kurasa tatu. Safi.

Mei 10.

Amezifuta zote tatu. Eti neno "ukuta" limerudiwa mno. Ukuta si ukuta jamani?

Mei 21.

Mvua. Nyuki ndani, na sisi ndani.

Mei 22.

Mvua.

Juni 3.

Dorcas alinikuta nasaga wino jikoni kwa hasira, chokaa ya ukuta inadondoka. "Subira yavuta heri, mwanangu," akaniambia.

"Heri gani, Dorcas? Hii yangu imevuta mvi. Tazama hapa."

Akaja akatazama kweli, na kisu cha vitunguu mkononi. "Mh. Mbili."

"Tatu."

"Ya tatu ni unga." Akarudi kwenye pai yake ya njiwa. Dorcas ameishi nyumba hii kabla yangu na hujui yuko upande wa nani. Nadhani yuko upande wa pai.

Juni 19.

Leo nimetoka! Nimevuka lango, nimevuka shamba la watu, nimevuka kijito, na hakuna aliyenigusa.

Saa nne asubuhi mzinga wa saba ulimwaga kundi. Hewa yote ya bustani ikawa nyuki. Desturi yetu iko wazi: nyuki wakihama, mwenyewe anawafuata huku anapiga sufuria. Muda wote sufuria inalia, hakuna ua wala lango la kumzuia, na watakapotua ni wake. Ikinyamaza, yeye ni mwizi tu ndani ya shamba la mwenzake. Baba alikuwa kwenye kiti chake chini ya dirisha. "Kimbia, Thomasin! Na nikusikie!"

Nikachukua sufuria ya shaba na kijiko, nikakimbia. Nyuki, Mungu awabariki, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye mtofaa ulio nyuma ya karakana ya Gervase, wakatua, wakaning'inia kwenye tawi wametulia tuli. Gervase akatoka na pete ya pipa begani.

"Wametua! Acha kupiga!"

"Siachi! Baba anasikiliza!"

"Si wametua?"

"Nikiacha atajua wametua, atamtuma Dorcas na mzinga mtupu! Sema unalotaka kusema, haraka!"

Basi tukazungumza hivyo, mimi nagonga, yeye anapiga kelele sikioni mwangu, mambo ya siri kabisa tunayatangaza kama wauza samaki. Akaniambia nyumba ya Bristol ina madirisha mawili yanayotazama mtaani. Akaniambia mjomba ameandika tena. Mkono ulipoanza kufa ganzi akaninyang'anya kijiko akapiga yeye.

"Unapiga kama mtu anayekaza pipa," nikamwambia.

"Ndiyo kazi ninayoijua." Hakucheka. "Thomasin, Septemba ikifika bila tangazo, nitaondoka. Sikasiriki, usinielewe vibaya. Nitaondoka kwa sababu mjomba hatanisubiri, na mimi nimekusubiri miaka mitatu, sijui nisubiri na nini tena."

Nilichukua kijiko changu. Nikaacha kupiga, na robo saa baadaye Dorcas akaja anahema, na mzinga kichwani.

Nyumbani baba alikuwa bado kitini. "Leo wamechelewa kutua," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hasa pale mwishoni, walipokuwa wanapigiwa pipa."

Uso wote uliniwaka moto. Naye akaomba bia yake.

Juni 20.

Sura ya tatu. Aliimba kidogo huku akitunga. Mtu amegundua binti yake anaonana na mwanamume shambani, anaimba! Simwelewi.

Julai 8.

Sura ya tatu imekwisha. Nimeisoma kwa sauti mara mbili, hajafuta kitu. Naogopa kufurahi.

Julai 14. Jumapili.

Amekumbuka buibui. Sura ya tatu haina buibui. Haiwezekani kuandika maadui wa nyuki bila buibui, mkulima atasema nini?

Mkulima atasema ana macho, baba. Sikusema. Niliandika buibui kurasa nne.

Julai 15.

Mavu.

Julai 16.

Panya. Nikamuuliza kama hajasahau tembo. Akasema kwa utaratibu kabisa, "Tembo hawapo Hampshire, mwanangu." Dorcas ilibidi atoke nje acheke.

Agosti 3.

Leo nimeandika sura ya tano kuanzia asubuhi mpaka mkono umevimba, na sikutaka iishe.

Ni sura ya mfalme wa nyuki. Kila mzinga una mfalme mmoja, mrefu kuliko wote, asiyefanya kazi, ambaye wengine humzunguka na kumlinda na kufa naye. Baba alikaa wima, mikono juu ya magoti, akayatoa maneno moja baada ya jingine kama mtu anayepanga mayai kikapuni. Alieleza jinsi mzinga uliofiwa na mfalme unavyolia, sauti ile ya chini ambayo si ya hasira. Nimeisikia sauti hiyo nami, lakini sikujua kwamba inaweza kuandikwa. Nikamwona baba yangu kama wanavyomwona watu wa mbali: mtu mkubwa. Nikasikia aibu kwa yote niliyoyaandika humu juu yake.

Alipomaliza akauliza, "Ni nzuri?"

"Ni nzuri, baba. Ni nzuri sana."

"Utaikumbuka utakapokuwa Bristol."

Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina la mji huo.

Agosti 12.

Zimebaki mbili: mavuno, na waraka wa shukrani. Gervase amepaka gari lami. Amepita mbele ya nyumba ili nilione.

Agosti 26. Jumatatu.

Siku ya kuua nyuki. Siipendi, wala sijawahi kuipenda.

Baba ndiye anayechagua. Ananyanyua kila mzinga kwa mikono yake, mizinga ya mabua, kumi na mmoja, anaupima kifuani, anaushusha. Mzito kuliko yote unakufa kwa sababu una asali. Mwepesi kuliko yote unakufa kwa sababu hautaishi hadi masika. Iliyo katikati inaachwa. "Kuwa wa kati, Thomasin," huwa ananiambia kila mwaka, "ndiyo siri ya kuishi." Mwaka huu hakusema.

Mimi na Dorcas tukachimba shimo, tukawasha kitambaa kilichochovywa salfa, ambayo moshi wake huua, tukaufunika mzinga mzito juu yake. Mngurumo, halafu kimya. Dorcas akasema maombi yake mafupi ya kila mwaka, "Mtusamehe, asante," akaenda kuleta beseni.

Nikakata masega. Sega la nne lilikuwa na mabuu, na katikati yake alikuwapo mfalme. Amekufa, lakini hakuanguka pamoja na wengine chini. Mkia wake wote ulikuwa umezama ndani ya tundu moja la sega, amejikunja pale kama aliyeshikwa katikati ya kazi. Nikamvuta kwa ncha ya sindano. Akatoka, na nyuma yake likatoka yai, jeupe, jembamba, limenasa bado mkiani.

Nikatazama matundu ya jirani. Yai. Yai. Yai. Mstari mzima, mpaka pale alipofikia.

Nilikaa chini kwenye nyasi na sega mapajani. Dorcas akafikiri nimeumwa na nyuki aliyebaki. Huyu si mfalme. Huyu ni mama yao. Wote, maelfu kwa maelfu, ni watoto wa huyu mmoja, naye hakuwahi kutawala kitu, ametaga tu, yumo gizani anataga mpaka salfa imemkuta.

Agosti 27.

Kwa nini nilimwambia baba? Mjinga mimi! Sura zote zilikuwa zimekwisha, bado kusomwa mara ya mwisho tu; ningekaa kimya siku kumi, kumi tu, kitabu kingekuwa kwenye gari la Oxford.

Lakini nilimkimbilia kama mtoto aliyeokota yai la kuku. Nilimwekea yule nyuki kiganjani. Akampapasa kwa kidole cha shahada, taratibu, akayapapasa na masega, tundu kwa tundu. Nilitazamia ghadhabu. Nilitazamia anifukuze na kuniita mpumbavu. Badala yake machozi yakamtoka.

"Mama," akasema. "Mfalme ni mama."

"Ndiyo, baba! Tunaweza kuongeza mstari mmoja katika sura ya tano."

"Mstari mmoja?" Akainua uso, na uso ule ulikuwa wa kijana. "Mwanangu, hili likiwa kweli, kila sura ni ya uongo. Kuhama kwao, utii wao, yale madume yasiyofanya kazi, vyote vina maana nyingine. Lete karatasi mpya. Tunaanza upya."

"Baba, Septemba nane."

"Kitabu hakijaisha, Thomasin. Nawezaje kutangaza ndoa kama hakijaisha?"

Mlango niliufungua mwenyewe, nikaufunga mwenyewe, na ufunguo nikaumeza.

Agosti 28.

Sura ya kwanza, tena. Kurasa mbili.

Agosti 30.

Gervase alikuja mpaka kwenye ua. Nilimwambia. Akauchomoa ufito mmoja wa ua, akautazama, akaurudisha mahali pake.

"Ukweli ni ukweli," akasema. "Siwezi kukwambia uandike uongo."

"Niambie tu!"

"Siwezi, bibie. Mimi nitaondoka tarehe ishirini na tatu. Tukiwa wawili au mmoja, gari litaondoka." Akaenda zake.

Septemba 2.

Kurasa tatu. Ninaandika "malkia" mahali palipokuwa "mfalme". Baba hajawa hivi tangu mama afariki. Anatembea bustanini bila fimbo, anaongea na mizinga. Na leo, Mungu anisamehe, nami nilifurahi. Kwa muda wa ukurasa mmoja nilisahau Gervase, nilisahau Septemba. Nikamkatiza baba nikamwambia si hivyo, matundu ya madume ni mapana zaidi, nimeyapima. Akasema, "Andika kama ulivyosema wewe." Nikaandika maneno yangu mwenyewe katika kitabu. Kisha nikaona niko wapi, nikauweka unyoya chini.

Septemba 4.

Mvua.

Septemba 5.

Mvua. Dorcas amesema, bila kuulizwa, akiwa anamenya tofaa: "Mama yako naye alimwandikia baba yako, kitabu cha mahubiri. Sura moja, halafu nyingine. Alitaka kwenda kumwona dada yake Salisbury."

"Alikwenda?"

"Alikwenda wapi? Amelala pale karibu na mlango wa kanisa."

Septemba 7. Jumamosi.

Nitajaribu kuandika haya kwa mpangilio.

Baada ya chakula nilikaa mezani, nikachonga unyoya, nikachovya wino, nikasema kabla hajaanza, "Baba, nilikosea."

"Kuhusu nini?"

"Yai. Jua lilikuwa machoni mwangu. Lilikuwa tone la asali. Mfalme ni mfalme. Sura ya tano ilikuwa sahihi, na kitabu kimekwisha."

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo moyoni tangu alfajiri. Yalitoka vizuri.

"Tone la asali," akasema.

"Ndiyo."

"Hujui kusema uongo, Thomasin. Mama yako naye hakujua." Akashusha pumzi. "Yai hilo nililiona mimi mwenyewe. Mwaka aliofariki mama yako, mzinga wa pili kutoka ukutani, nilikuwa bado naona. Mkia ndani ya tundu, kama ulivyonieleza. Nilipoyapapasa masega yale nilikuwa najua nitakachokikuta."

Sikuelewa. Nilimwambia sielewi.

"Nimejua miaka kumi na mmoja."

"Na ukaniandikisha mfalme? Miaka sita, mfalme, mfalme, mfalme?"

"Nilikuwa nimeiweka akiba."

"Akiba ya nini, baba?"

Dorcas alikuwa mlangoni na mtungi, naye hakuondoka.

"Ya siku kitabu kitakapokaribia kwisha," akasema baba yangu. "Ili kisiishe."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nimemwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, wala sitayaandika yote. Nilimwambia, "Umenifuga." Nilimwambia yale machozi yake juu ya kiganja yalikuwa ya kuigiza, na hapo tu ndipo alipokataa.

"Machozi yalikuwa yangu kweli. Nilifurahi kwamba uliona bila mimi." Akanyoosha mkono mezani, akiutafuta wangu, hakuupata, akauacha pale pale. "Naogopa, Thomasin. Sina neno jingine. Ukitoka humu, giza langu litakuwa mara mbili. Nani atanisomea? Dorcas hajui hata a."

"Sijui wala sitaki kujua," akasema Dorcas mlangoni, lakini alikuwa analia.

Kisha baba akasema, kwa sauti ile anayotumia akitunga, "Chagua wewe. Tukiandika ukweli, tutaumaliza mwakani, na utakuwa wako na wangu, na katika nchi hii sijui mwingine aliyeuandika. Ukichagua kuondoka, kitabu na kiende kama kilivyokuwa, mfalme abaki mfalme. Wenye akili watanicheka siku moja. Nitakuwa nimekwisha kufa, hakitaniuma."

Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Nilizitazama zile kurasa kumi na mbili za malkia, mwandiko wangu, vipimo vyangu, na nilitaka kubaki. Nilitaka sana. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya, au kama kitabu kingekuwa cha hovyo. Niliwaza dirisha hili, meza hii, mwaka mwingine, kisha buibui, kisha panya, kisha mlango wa kanisa alipolala mama.

Nikausogeza karibu ule mswada wa zamani, wote, nikafungua ukurasa wa nyuma. Baba aliinamisha sikio kusikiliza unyoya.

"Umeandika nini?"

"Mwisho."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nikamuuliza zile kurasa kumi na mbili nizitie motoni. "Nipe mimi," akasema. Amezikunja, amezitia kifuani ndani ya joho, yeye ambaye hawezi kusoma hata herufi moja.

Septemba 8. Jumapili.

Sikulala vizuri, na asubuhi sikula. Ahadi ni ya baba, na ahadi za baba nazijua. Gervase alikaa upande wa wanaume, ameikunja kofia yake mpaka imekuwa kamba. Dorcas alikaa karibu nami, akanishika mkono kwa nguvu kana kwamba mimi ndiye ningekimbia.

Ibada yote baba huisema kwa kichwa. Alifika pale mahali pa matangazo, akanyamaza, nikafikiri, basi, ameruka. Kisha akasema.

"Natangaza ndoa kati ya Gervase Tolley na Thomasin Pruett, wote wa kanisa hili. Kama yupo kati yenu anayejua kizuizi chochote cha haki, kwa nini hawa wawili wasiunganishwe, na aseme. Hii ni mara ya kwanza ya kuuliza."

Mchungaji huuliza hivyo na kuendelea; hakuna anayengoja jibu. Yeye alingoja. Alisimama ameshika ukingo wa mimbari kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwenye benchi letu, sawasawa kabisa, kana kwamba ananiona, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Watu wakaanza kugeuka kutazamana. Mtu akakohoa. Mkono wa Dorcas ulikuwa unanivunja vidole.

"Hakuna," akasema baba yangu.

Akasema tena, polepole zaidi, "Hakuna kizuizi." Kisha akaanza zaburi ya Jumapili iliyopita, na hakuna hata mmoja aliyemsahihisha.